Kiwiko Kilichotolewa Shukrani

Nani alimwambia mama yangu kwamba amepona?

Nilijiuliza hivyo Jumanne asubuhi, katika chumba cha tiba cha kliniki moja ndogo ya Same mjini, nikiutazama mkono wake wa kulia. Huo ndio mkono ambao Ijumaa iliyopita uliinua birika lililojaa maji, na ambao sasa haukuweza kushika kikombe.

Kwa msomaji anayenikuta njiani, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Agape, mwanafunzi wa fiziotherapia, niliyeletwa Same kwa mafunzo ya vitendo. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake Chome, juu milimani, na analima tangawizi. Kiwiko chake kilianza kuuma wakati wa palizi, kikaendelea kuuma hadi akashindwa kukamua nguo. Vitabuni ugonjwa huo huitwa kiwiko cha tenisi, kwa kuwa wachezaji wa mchezo huo huupata kwa kurudiarudia mwendo uleule wa mkono. Kijiji kilipolisikia jina hilo kilicheka sana.

Katika sehemu zilizotangulia nilieleza nilivyombembeleza mama hadi akakubali kushuka mjini kutibiwa kwa leza baridi, yaani mwanga mwekundu usiochoma wala kukata, unaoelekezwa kwenye ngozi ili kuituliza kano iliyochakaa. Nilieleza pia jinsi alivyoudharau.

“Hata tochi ya simu hupasha joto,” aliniambia siku ya kwanza, akiwa amevaa miwani myeusi ya kukinga macho. “Hii haipashi, haichomi, hainuki dawa. Mmeniita huku kunipiga picha?”

Kisha mwanga ukamsaidia, na hapo ndipo balaa letu lilipoanza.

Jumanne hiyo, msimamizi wangu, Dokta Respicius, aliushika mkono wa mama na kubonyeza kidogo pembeni mwa kiwiko. Dokta Respicius ni mtu wa Bukoba, na husema mambo mazito kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Mama aliuvuta mkono wake kana kwamba umeguswa na kaa la moto.

“Mama, umefanya nini tangu Ijumaa?”

“Sijafanya kitu.”

“Hicho kitu ambacho hujakifanya ni kipi?”

Mama alinitazama mimi, si yeye. “Nimelima kidogo.”

“Kidogo kama bustani ya mchicha, au kidogo kama shamba?”

“Kidogo kama msaragambo.”

Dokta Respicius alinigeukia. “Msaragambo ndiyo nini?”

Nilimweleza. Kwetu Upareni, pembe ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu mmoja kwa kazi ya wote. Kazi inaweza kuwa barabara au shule, lakini kubwa kuliko zote ni ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mlimani ili yagawiwe mashambani kwa zamu. Ndiva ikijaa tope, watu huingia na majembe kulizoa. Nyumba isiyotoa mtu hurukwa zamu ya maji. Na katika kiangazi hiki, tangawizi isiyopata maji inakauka ingali changa.

“Kwa hiyo mama alizoa tope,” dokta alisema.

“Nilizoa jana,” mama alijibu. “Na siku zote nilizokosa nilipokuwa mgonjwa, nimezifidia. Wenzangu walipoondoka, mimi nilibaki. Hakuna anayenidai.”

Aliyasema hayo kwa fahari iliyonivunja moyo. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha tiba, mkono wake umelala mapajani, na alitaka tumsifu.

Dokta Respicius alikirudisha kichwa cha leza kwenye kishikio chake.

“Basi leo simuliki.”

“Dokta,” nilisema, “leo ndiyo siku anayohitaji mwanga zaidi.”

“Ndiyo siku utakayomdhuru zaidi. Sikiliza, Agape. Maumivu yalikuwa yanamzuia. Sisi tukayatuliza kabla kano haijapata nguvu, naye akaenda kufanya kazi ambayo hakuifanya hata alipokuwa mzima. Nikimmulika tena leo, kesho atazoa tope la wilaya nzima.”

Mama alitaka kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika.

“Lakini tiba hii ndiyo iliyompa nafuu,” nilisema.

“Nafuu, ndiyo. Nani alimwambia nafuu ni kupona?”

Lilikuwa swali langu lilelile, na kulisikia kinywani mwa mtu mwingine kulinichosha zaidi.

Alitoa masharti yake bila kupandisha sauti. Mama asishike jembe mpaka yeye aruhusu. Aupumzishe mkono, kisha aanze mazoezi mepesi ya kuishusha chupa ya maji polepole kwa kifundo cha mkono, na mwanga urudi kama msaidizi wa hayo yote. Vinginevyo hangemmulika tena.

“Kosa si la leza,” Dokta Respicius aliniambia baada ya mama kutoka nje. “Kosa ni kuitegemea peke yake. Nenda kamtafutie mama yako ruhusa ya kupumzika. Mashine yetu haiwezi kumpa hiyo.”

Nje, kwenye jua la Same, nilimuuliza mama waziwazi. “Nani alikuambia kwamba umepona?”

“Nilitajwa kanisani.”

“Ulitajwa na nani?”

“Tutaongea nyumbani. Hapa ni barabarani.”

Hakuongea tena mpaka gari lilipotushusha Chome. Na hata hapo wa kwanza kuongea hakuwa yeye. Alikuwa Eliakunda, jirani yetu, aliyekuwa akianika maharage uani kwake.

“Mama Agape, mmerudi? Mpira umeisha? Nani kashinda?”

“Nimefungwa,” mama alijibu.

“Pole mwaya. Na wewe Agape, siku ukija na hiyo tochi yenu unimulike goti. Au mpaka nicheze kwanza?”

Nilimwamkia, nikapita. Nimefundishwa chuoni jinsi ya kumweleza mgonjwa ugonjwa wake. Sijafundishwa jinsi ya kuueleza uani kwa watu, kwa mtu anayecheka huku akinionea huruma ya kweli.

Tulipoingia ndani, mama alinisimulia kisa chenyewe. Jumapili, baada ya mahubiri, mwinjilisti alisoma majina ya waliokuja kumshukuru Mungu. Nyumba moja ilishukuru kwa mtoto, nyingine kwa safari njema. Kisha akasoma: nyumba ya marehemu Hezroni, kwa kuponywa mkono wa mama. Hezroni ni baba yangu. Mama alisimama. Watu wakapiga makofi, kwaya ikaimba, naye akapeleka mbele mkungu wa ndizi ambao ulikuwa umekwisha kuletwa kwa jina lake.

Asubuhi iliyofuata pembe ya msaragambo ikapigwa, na mtu aliyeshukuru kwa kuponywa hakuwa na sababu ya kubaki nyumbani.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee Nathanaeli, msimamizi wa ndiva. Nilimkuta akichonga mpini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, daktari wetu. Umepanda lini?”

“Jana, mzee. Nimekuja kumwombea mama udhuru wa msaragambo.”

“Udhuru wa nini tena?”

“Wa mkono.”

“Mkono upi?”

“Uleule, mzee.”

Aliacha kuchonga. “Ule uliopona?”

“Haujapona. Maumivu yalitulia tu. Akafanya kazi nzito, yamerudi kwa nguvu zaidi.”

“Mwanangu, Jumapili nilikuwa nimekaa benchi la pili kutoka mbele. Nilimwona akisimama. Nikasema amina. Mkungu wake wa ndizi uliponadiwa nje baada ya ibada, nikaununua mimi. Tumeshaula. Sasa unataka niwaambie watu kwamba tumekula ndizi za nini?”

“Mzee, kano ikichanika ndani haionekani kwa macho.”

“Hapo ndipo penye ugumu. Angekuwa na bendeji ningesema, jamani, si mnaona. Angevunjika, hata kuniomba asingeniomba. Lakini huyu mkono wake ni mzuri kama wako. Amesimama kanisani Jumapili, amewashinda vijana kwa kazi Jumatatu, leo Jumatano anaomba udhuru. Nikimpa, kesho kila nyumba itakuwa na kiwiko.”

“Na nikilima mimi badala yake?”

“Kesho pembe ikipigwa, sawa. Nakupokea. Lakini tope la mwaka huu si la kesho tu, litatuweka mpaka mvua. Na anayeshika nafasi ya nyumba msimu mzima lazima awe analala katika nyumba hiyo. Wewe unalala wapi wiki ijayo?”

Wiki ijayo ninarudi chuoni kwa mitihani. Alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua.

“Kwa hiyo hakuna njia.”

“Njia ipo.” Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini. “Aliyeshukuru asimame tena pale pale, aseme bado. Au asimame mtu anayeujua ugonjwa wake, aseme mbele ya watu walewale. Wakisikia wao, mimi nitampa udhuru hata wa mwaka, na hakuna atakayeguna. Wasiposikia, nyumba yenu ikikosa mtu nitairuka zamu. Na nitakuwa sijamwonea mtu.”

Alisema kweli. Ningependa kuwaandikia kwamba Mzee Nathanaeli ni mkatili, maana hadithi ingekuwa nyepesi kwangu. Lakini si mkatili. Analinda maji ya watu wote, na mama yangu ni mmoja tu wa watu hao.

Kutoka hapo niliteremka moja kwa moja hadi kwa baba mdogo Sifael. Yeye ni mdogo wake baba, na ni mzee wa kanisa. Shamba lake limepakana na letu upande wa chini, na zamu ya maji ni moja kwa mashamba yote mawili. Yetu ikirukwa, na yake imerukwa.

“Baba mdogo, ni wewe uliyempa mwinjilisti jina la mama?”

“Ndiyo. Na mkungu nilikata mimi.”

Hakusita hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kukana, kwa hiyo maneno yangu yote yaliyofuata yalikosa kazi.

“Nani alikuambia amepona?”

“Kwani sina macho? Jumamosi nilimkuta anakamua blanketi. Blanketi, Agape, si leso. Bila kukunja uso. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa nini?”

“Ungeniuliza mimi.”

“Wewe ulikuwa mjini na mashine yako. Mimi ndiye ninayeishi na maneno ya watu hapa. Walishaanza kusema mjane wa Hezroni anajificha nyuma ya ugonjwa usioonekana. Ugonjwa wenyewe wa mchezo. Nikaona akishukuru mbele ya kanisa, kila mtu atajua kwamba aliumwa kweli na amepona kweli. Nilimtoa aibu mama yako.”

“Na zamu ya maji?”

Aliigeukia tangawizi yake, mistari iliyonyooka vizuri, majani yakiwa yameanza kuwa ya njano nchani.

“Na zamu ya maji. Si dhambi mtu kufikiria shamba lake.”

“Baba mdogo, umemrudisha nyuma. Mkono wake sasa ni mbaya kuliko siku aliyoanza tiba.”

“Hebu nieleze kitu kimoja. Kama mashine yenu haimponyi, inafanya nini?”

Nilianza kumweleza. Nilimweleza habari za kano inayobeba kazi ya mkono mzima, za mwanga unaotuliza, za mazoezi yanayojenga. Nilisema kwamba hata watafiti hawajakubaliana ni kwa kiasi gani leza inasaidia, ila wengi wanasema nafuu yake huja mapema na haidumu mtu asipobadilisha kazi ya mkono. Kila sentensi ilikuwa sahihi. Nilijisikia nikiongea kama kitabu kilichoachwa wazi kwenye upepo.

Alinisikiliza hadi mwisho, lazima nikiri hilo.

“Kwa hiyo mwanga unaondoa maumivu, ugonjwa unabaki.”

“Kwa muda, ndiyo.”

“Basi mngemwachia maumivu yake. Angejua kukaa.”

Nilipanda kurudi nyumbani nikiwa nimekasirika kiasi cha kutoona njia. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na makosa. Nilikasirika zaidi kwa sababu Dokta Respicius, mtaalamu ninayemheshimu, alikuwa amesema karibu maneno yaleyale siku moja kabla.

Mama alikuwa jikoni akikoroga makande kwa mkono wa kushoto. Alikoroga vibaya. Mahindi yaliruka nje ya sufuria, naye akajifanya hayaoni.

“Mama, kwa nini ulisimama?”

“Jina langu lisomwe kanisani, nami nikae?”

“Ulijua hujapona.”

“Sikujua.” Aliuweka mwiko chini. “Agape, nilidhani ni wewe.”

“Mimi nimefanya nini?”

“Nilidhani Sifael amekupigia simu, nawe umemwambia, mama amepona, shukuruni. Nikasema moyoni, mtoto amesomea mambo haya, hali yangu anaijua kuliko mimi mwenyewe. Nilikuwa bado nasikia kitu kama uzi unavutwa hapa.” Aligusa pembeni mwa kiwiko. “Nikauambia mkono, nyamaza, mtaalamu ameshasema. Nikasimama kwa furaha. Kumbe hukuulizwa.”

Nilikaa kwenye kigoda.

Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta tangu Jumanne, na sikujua nilifanye nini baada ya kulipata. Hakuna mtu aliyemwambia mama yangu kwamba amepona. Baba mdogo aliona blanketi. Mama alisikia jina lake. Kanisa likasema amina. Na kila mmoja aliamini kwamba kuna mwingine aliyehakikisha.

“Basi ni rahisi,” nilisema. “Jumapili usimame useme kulikuwa na haraka. Mzee Nathanaeli ameahidi udhuru.”

“Sisimami.”

“Mama.”

“Nimeshamshukuru Mungu. Sasa niende nikamwambie, samahani, nirudishie shukrani yangu, nilikosea hesabu? Na mkungu je? Na Sifael, mzee wa kanisa, nimvue nguo mbele ya watu anaowaongoza?”

“Hutamvua nguo. Utasema ukweli.”

“Wewe ukweli wako unaondoka nao wiki ijayo kwenye begi. Mimi nabaki nao hapa.”

Alilisema bila hasira. Ningependelea hasira.

“Kesho nitalima mimi, lakini usiposema, nikiondoka itabidi ulime wewe. Wiki ijayo, na inayofuata, mpaka mvua. Kano itachanika, mama. Hutaweza kushika hata huo mwiko.”

“Na nisipolima, maji yataturuka. Tangawizi ile ndiyo imekusomesha, umesahau? Itakauka mbele ya macho yangu, mkono wangu mzuri ukiwa umepumzika.” Kisha uso wake ukang’aa kama mtu aliyepata wazo. “Lakini kuna njia. Mwambie dokta wako animulike siku moja kabla ya msaragambo, nikalime. Halafu animulike siku inayofuata. Kwani mashine inachoka?”

Mwanamke aliyeudharau mwanga ule kuliko mtu yeyote niliyepata kumtibu sasa alikuwa muumini wake mkubwa kupita sisi sote.

“Hawezi, mama. Amekataa.”

“Basi mtafute mwingine asiyekataa.”

Tulikula makande, vyombo nikaosha mimi.

Alhamisi asubuhi nilipanga kuchukua jembe kabla yake. Nilipoamka, jembe halikuwepo mlangoni, na mama hakuwepo. Pembe ilikuwa ikilia kutoka upande wa ndiva.

Nilikwenda mbio bila kunawa uso.

Watu walikuwa wamekwisha kushuka ndani. Maji yalikuwa yamefunguliwa yote, na tope jeusi lilikuwa limebaki chini, likinuka majani yaliyooza. Mama alisimama katikati yake hadi magotini. Alikuwa ameshika jembe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya kanga, kama mtu aliyebeba kifaranga.

“Huyo bingwa wetu,” Eliakunda alisema. “Leo anacheza kwa mkono mmoja kutuonea.”

Watu walicheka. Mama naye alicheka, akainua jembe na kulishusha. Liliingia kwenye tope upande, likalala. Alijaribu kulivuta, akashindwa, na mkono wa kulia ukatoka kwenye kanga wenyewe kumsaidia mwenzake. Niliona uso wake ulivyobadilika.

Eliakunda aliacha kucheka.

Nilishuka ndani ya tope, nikaushika mpini. Mama hakuuachia.

“Niachie, mama.”

“Rudi nyumbani ukasome.”

“Niachie.”

Tulisimama hivyo, mama na mwana, tukivutana jembe mbele ya kijiji, na majembe mengine yakaanza kunyamaza moja baada ya jingine. Mzee Nathanaeli alikuja hadi ukingoni.

“Leo nyumba ya Hezroni inawakilishwa na nani?” aliuliza. “Mama au binti? Nijue, kazi iendelee.”

“Binti,” nilisema.

“Mama,” mama alisema.

Baba mdogo Sifael alikuwa upande wa pili, suruali imekunjwa hadi magotini. “Agape, usimwaibishe mama yako. Panda juu uongee na mzee taratibu.”

Nilikuwa nimeongea taratibu tangu Jumanne. Nilikuwa nimeongea taratibu na dokta, na mzee wa ndiva, na baba mdogo, na mama. Wote walikuwa wamenielewa, na hakuna kilichobadilika.

“Wazee wangu, mama zangu, shikamooni,” nilisema. “Mama yangu hajapona. Mwanga ule ulituliza maumivu yake. Haukumponya, na hakuna mtaalamu aliyesema umemponya. Jumatatu alizoa tope hili kwa mkono mgonjwa, kwa sababu alitaka asidaiwe na mtu. Mkiuona mkono wake hauna kidonda, msidhani hauna kitu. Mimi ni mwanafunzi tu, lakini ugonjwa huu naujua.”

Mzee mmoja alikohoa. Eliakunda alikuwa akiutazama mkono wa mama, si mimi.

“Tumesikia,” Mzee Nathanaeli alisema hatimaye. “Lakini hapa ni nusu ya kijiji. Waliosema amina ni wengi kuliko hawa, mwanangu. Nilikueleza.”

“Ulinieleza, mzee.”

“Agape.” Mama aliniita kwa sauti ya chini, ile ambayo aliitumia nilipokuwa mdogo na kuna wageni sebuleni. Vidole vyake vilikuwa bado vimeukaza mpini. “Najua unachofikiria. Ukisimama pale mbele kunikanusha, mimi sitakuwepo. Nitakaa nyumbani. Na sijui nitarudi kanisani lini.”

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Nilikuwa na umri wangu wote wa kumtii mama nyuma yangu, na mkono wake mbele yangu.

Nilifungua vidole vyake, kimoja kimoja, nikalichukua jembe.

“Leo nalima mimi,” niliwaambia wote. “Na Jumapili, katika ibada ya kwanza, baada ya matangazo, nitasimama mbele ya kanisa niseme kwamba mama yangu hajapona. Nitasema hivyo akiwepo, na nitasema hivyo asipokuwepo.”